Kuingia kwa Maneno Mapya katika Kiingereza: Uhakiki wa Fikra Mbili

Utangulizi

Katika mijadala mingi ihusuyo ukuzaji wa istilahi za Kiswahili, Kiingereza hutajwa kama shahidi. Jambo la ajabu ni kwamba shahidi huyo mmoja huitwa na pande zote mbili. Wale wanaotaka chombo chenye mamlaka kiamue neno lipi litumike na lipi litupwe huzielekea kamusi kubwa za Kiingereza, wakidai kwamba lugha hiyo imefika ilipofika kwa sababu maneno yake yamechujwa na kuidhinishwa. Wale wanaotaka lugha iachwe ijiendee nao hukitaja Kiingereza hicho hicho, wakisema kwamba hakijapata kuwa na baraza la kukisimamia, na kwamba maneno hukiingia kama mito iingiavyo baharini, pasipo mtu kuyaita wala kuyazuia.

Makala haya yanakusudia kuzihakiki fikra hizo mbili. Ya kwanza itaitwa fikra ya kibali, na ya pili fikra ya mkondo. Hoja itakayotetewa ni kwamba hakuna hata moja kati yake inayoafikiana na historia ya Kiingereza chenyewe. Neno jipya la Kiingereza huanzishwa na watu, aghalabu watu wanaoweza kutajwa kwa jina na mwaka, na hupiganiwa au kupingwa na watu. Lakini wanaokata shauri ni watumiaji, nao hukata shauri kwa kulitumia. Kamusi hufika baadaye kutoa ushahidi. Na kwa kuwa kazi yake ni ushahidi, hapana budi kamusi iulizwe maswali aulizwayo kila shahidi: ilikuwa wapi, na ilimsikia nani?

Njia za kuingilia

Njia ambazo kwazo Kiingereza hupata maneno zinajulikana na hazihitaji maelezo marefu. Lugha hiyo hukopa, kama ilivyolichukua neno ‘robot’ kutoka mchezo wa kuigiza wa Mcheki Karel Čapek uliochapishwa mwaka 1920. Huambatanisha maneno mawili kuwa moja, huongeza viambishi, na hulihamisha neno kutoka aina moja hadi nyingine bila ya kulibadili umbo, hata nomino ‘water’, yaani maji, ikawa pia kitenzi cha kumwagilia au kunywesha. Huhulutisha, kama vile ‘smoke’, moshi, na ‘fog’, ukungu, yalivyounganishwa mjini London mwanzoni mwa karne ya 20 kuunda ‘smog’. Aidha hufupisha. Neno la Kilatini ‘omnibus’, lenye maana ya ‘kwa wote’, lilipofupishwa kuwa ‘bus’, kilichobaki hakikuwa hata mzizi wa neno, bali kipande cha mwisho tu cha kuonyesha uhusika. Kipande hicho kisichokuwa na maana yoyote peke yake ndicho kilichokuja kuwa ‘basi’ katika Kiswahili, kikapata na wingi wake, ‘mabasi’.

Hata kosa ni njia. Hapo kale neno la Kiingereza la njegere lilikuwa ‘pease’, na sauti yake ya mwisho ilikuwa sehemu ya mzizi. Wasemaji wakaidhania kuwa ni alama ya wingi, wakaiondoa ili wapate umoja, na hivyo likazaliwa ‘pea’. Msomi wa Kiswahili hatashangazwa na jambo hili, kwa kuwa ndivyo ‘kitabu’ cha Waarabu kilivyodhaniwa kuwa na kiambishi ngeli cha ki-, kikapewa wingi wa ‘vitabu’.

Hata hivyo, orodha ya mbinu, hata ikiwa ndefu namna gani, hueleza tu jinsi neno jipya linavyoundwa. Haielezi kwa nini neno moja lililoundwa kwa mbinu fulani hukaa, na jingine lililoundwa kwa mbinu ile ile hufa. Ni katika swali hili la pili ndipo fikra mbili zilizotajwa zinapokutana na kupingana.

Fikra ya kibali

Kwa mujibu wa fikra ya kibali, neno huwa neno pale linapokubaliwa na wenye mamlaka. Waingereza wenyewe hawakukosa watu wa kuitetea. Mwaka 1712 Jonathan Swift alichapisha pendekezo, alilomwandikia Waziri wa Hazina wa wakati ule, la kuunda chombo cha kuisahihisha lugha na kuithibitisha isibadilike tena. Alikuwa na mfano mbele yake, kwani Ufaransa ilikuwa na chuo cha namna hiyo tangu mwaka 1635. Miongoni mwa vitu vilivyomkera Swift ni ufupishaji wa maneno, kama vile ‘mob’, lililokatwa kutoka maneno mawili ya Kilatini yenye maana ya umati unaogeukageuka. Chombo alichokitaka hakikuundwa. Neno ‘mob’ lipo mpaka leo, na hakuna Mwingereza anayelihisi kuwa ni la kihuni.

Samuel Johnson naye alipotangaza mpango wa kamusi yake mwaka 1747 alikuwa na tumaini la kuituliza lugha. Kamusi ilipotoka mwaka 1755, dibaji yake ilikuwa ungamo la mtu aliyejifunza kwa kazi. Alikiri kwamba mtunga kamusi anayedhani anaweza kuyakinga maneno yasibadilike anajidanganya, na chuo cha mfano wa Kifaransa hakukitamani kwa nchi yake. Ni jambo la kuzingatiwa kwamba mtu ambaye vizazi vilivyofuata vilimfanya kuwa hakimu wa Kiingereza ndiye aliyeukana uhakimu huo kwa maandishi yake mwenyewe.

Lakini ushahidi ulio wazi zaidi dhidi ya fikra ya kibali hautoki katika dibaji, bali katika makosa ya kamusi zenyewe. Mifano mitatu itatosha.

Mfano wa kwanza ni ‘dord’. Mwaka 1931 mhariri wa maneno ya kemia katika kamusi ya Webster ya Marekani aliandika kikaratasi cha kueleza kwamba herufi D kubwa au d ndogo hutumiwa kuwa ufupisho wa neno lenye maana ya kiwango cha msongamano wa maada. Kiungo ‘au’ kwa Kiingereza ni ‘or’. Kikaratasi kikapotea njia miongoni mwa maelfu ya vingine, herufi zikasomwa pamoja kama neno moja, na toleo la mwaka 1934 likatoka likiwa na kidahizo ‘dord’, pamoja na maana yake. Mwaka 1939 mhariri mmoja alitambua kwamba neno hilo halina asili iliyotajwa, na uchunguzi ukafichua siri. Kwa muda wote huo neno lilikuwa na kibali kikubwa kuliko vyote ambavyo neno lingeweza kupewa nchini Marekani. Walakini hakuna aliyelitumia katika usemi, kwa kuwa hakuna aliyelihitaji.

Mfano wa pili unatoka katika kamusi hiyo hiyo ya 1934. Mwanasheria na mtunzi wa nyimbo za kanisa, Charles Crozat Converse, alikuwa amependekeza katika karne ya 19 kiwakilishi kipya, ‘thon’, ili kuziba pengo ambalo msemaji wa Kiswahili halijui: Kiingereza hakina nafsi ya tatu ya umoja isiyobagua mume na mke, kama ilivyo ‘yeye’. Pengo lilikuwa la kweli, neno liliundwa kwa busara, na kamusi ililipokea. Toleo lililofuata, la mwaka 1961, lililiacha, kwa sababu watu hawakulisema. Wakati huo huo wasemaji walikuwa wakiendelea, kama walivyofanya kwa karne nyingi, kutumia kiwakilishi cha wingi ‘they’ kwa mtu mmoja asiyetajwa jinsia, ijapokuwa walimu waliwakemea. Kilichopewa kibali kilikufa, kilichokemewa kiliishi.

Mfano wa tatu ni kinyume cha hiyo miwili. Neno ‘bondmaid’, yaani mjakazi, limo katika Biblia ya Kiingereza ya mwaka 1611. Ilipochapishwa sehemu ya herufi B ya kamusi kuu ya Oxford katika miaka ya 1880, neno hilo halikuwemo. Vikaratasi vyake vilikuwa vimepotea. Halikupata nafasi yake mpaka nyongeza ya mwaka 1933. Je, katika kipindi hicho chote ‘bondmaid’ halikuwa neno la Kiingereza? Hakuna atakayethubutu kusema hivyo.

Basi kuna maneno yaliyoingia kamusini yasiingie katika lugha, na yaliyokuwa katika lugha yasiingie kamusini. Milango hiyo ni miwili. Toleo lile la Webster la 1961, lililohaririwa na Philip Gove, liliposhambuliwa vikali na magazeti ya Marekani kwa madai ya kuyavumilia maneno kama ‘ain't’, makosa yalikuwa ni ya kuichanganya milango hiyo. Washambuliaji walimkasirikia shahidi kwa sababu ya tukio alilolishuhudia.

Fikra ya mkondo

Je, ikiwa kibali si kitu, ndiyo kusema kwamba fikra ya mkondo ni sahihi? Wanaoitetea wana mifano mizuri. Viwakilishi ‘they’, ‘them’ na ‘their’ vilitoka kwa Waskandinavia waliofanya maskani mashariki na kaskazini mwa Uingereza kabla ya Wanormani kuiteka nchi mwaka 1066. Mtu hukopa jina la kitu kigeni, lakini ni nadra kukopa kiwakilishi; hilo lilitokea kwa ujirani na kuoana, na hakuna mtu anayejulikana kulianzisha.

Hata hapo, hata hivyo, mkondo haukuwa shwari. William Caxton, mchapishaji wa kwanza wa vitabu nchini Uingereza, alisimulia katika dibaji ya mwaka 1490 kisa cha wafanyabiashara waliotua pwani wakaomba kuuziwa mayai. Mmoja wao aliyaita ‘egges’, neno lenye asili ya Skandinavia. Mwenyeji, mama wa nyumba, akajibu kwamba yeye hajui Kifaransa. Mwenzake alipotaja ‘eyren’, neno la Kiingereza cha kale, mama yule akaelewa. Kisa hiki huchekesha, lakini ndani yake kuna somo: neno lililokwisha kuingia katika wilaya moja lilikuwa bado geni katika wilaya nyingine, karne kadhaa baada ya kufika. Lugha si bahari moja. Ni vijiji vingi, na neno huingia kijiji kimoja baada ya kingine. Caxton mwenyewe alilalamika kwamba hajui achapishe lipi. Alilazimika kuchagua, na mashine yake ikachangia kuamua.

Karne ya 16 inaonyesha uchaguzi huo kwa uwazi zaidi. Wasomi walipoanza kuandika kwa Kiingereza mambo yaliyozoea kuandikwa kwa Kilatini, walikopa maneno kwa mamia, na maneno hayo yakabezwa kwa jina la ‘pembe ya wino’, kwa kuwa wino wa mwandishi ulitiwa katika pembe. Thomas Wilson, katika kitabu chake cha balagha cha mwaka 1553, alitunga barua ya mzaha iliyojaa maneno ya namna hiyo. Leo barua hiyo ina thamani ambayo mwandishi wake hakuikusudia. Maneno ‘dexterity’, ‘frivolous’ na ‘verbosity’, yaliyotiwa mle ili yachekwe, ni maneno ya kawaida ya Kiingereza; ‘obtestate’, ‘splendidious’ na ‘fatigate’, yaliyochekwa pamoja nayo, yametoweka. Mwenye kejeli hakuweza kuyaua ya kwanza, na mwenye elimu hakuweza kuyaokoa ya pili.

Sir John Cheke alipita njia nyingine. Alipoifasiri Injili ya Mathayo aliyakwepa maneno ya Kilatini na Kiyunani, akaunda ya Kiingereza: mwenye kifafa alimwita ‘mooned’, yaani aliyepigwa na mwezi, na akida wa askari mia akamwita ‘hundreder’. Karne tatu baadaye mshairi William Barnes aliifufua juhudi hiyo, akataka sarufi iitwe ‘speechcraft’, ufundi wa usemi. Maneno hayo yalieleweka bila ya mwalimu, jambo ambalo ‘centurion’ na ‘grammar’ hayangeweza kujivunia. Hata hivyo hayakukaa. Uwazi wa maana, ambao waundaji wa istilahi huuthamini kuliko sifa nyinginezo, haukutosha.

Aidha, yapo maneno yaliyosukumwa kwa makusudi yakafaulu. William Whewell wa Cambridge alipendekeza ‘scientist’ mwaka 1833, akalichapisha mwaka uliofuata, akalirudia mwaka 1840. Lilipingwa kwa miongo mingi, na mwishoni mwa karne hiyo Thomas Huxley, mwanasayansi mashuhuri, alikuwa bado hataki kuitwa kwa jina hilo. Anwani ‘Ms’, ya kumtaja mwanamke bila ya kutangaza kama ameolewa au hajaolewa, ilipendekezwa katika gazeti la jimbo la Massachusetts mwaka 1901, ikasahauliwa. Ilifufuliwa na wanaharakati wa haki za wanawake katika miaka ya 1960, ikawa jina la jarida lao mwanzoni mwa miaka ya 1970, na gazeti la New York Times lilikubali kuitumia mwaka 1986 tu. Huko si kubebwa na mkondo. Neno lile lile, lenye maana ile ile, lilishindwa mwaka 1901 na likashinda lilipopata watu wa kulipigania.

Masharti ya kukaa

Tukio la mwaka 1914 linafaa kuzingatiwa hapa. Mmarekani Gelett Burgess alichapisha kamusi nzima ya maneno aliyoyabuni mwenyewe, akidai kwamba ni maneno ambayo watu wameyahitaji daima. Yalikuwa takriban 100. Lililoshika ni ‘blurb’, maneno ya kusifu kitabu yanayochapwa kwenye jalada lake, ambalo alikuwa amelitumia tangu mwaka 1907. Sababu ya kushika kwake haifichiki. Wachapishaji walikuwa wakikifanya kitendo hicho kila siku nacho hakikuwa na jina. Neno lilikuwa fupi. Na watu wa kwanza kulihitaji walikuwa ni wale wale wenye mitambo ya kulisambaza.

Masharti matatu, basi, yanajitokeza: haja inayorudiarudia, umbo linalokubali kufanya kazi ndani ya sarufi ya lugha, na kundi la watu wenye njia ya kulieneza neno. Historia ya ‘OK’ inayathibitisha. Allen Walker Read, katika makala aliyoyatoa mwaka 1963 na 1964, alionyesha kwamba ufupisho huu ulichapishwa katika gazeti la Boston tarehe 23 Machi 1839. Ulikuwa mmoja kati ya vifupisho vya mzaha vilivyopendwa na waandishi wa magazeti ya wakati ule, vikifuata tahajia iliyoharibiwa kwa makusudi. Ndugu zake, kama vile ‘OW’, wamekufa. ‘OK’ iliokolewa na uchaguzi wa urais wa Marekani wa mwaka 1840, kwa sababu mgombea Martin Van Buren alitoka Kinderhook, na wafuasi wake wakazitumia herufi hizo kumwita Mzee Kinderhook. Van Buren alishindwa, lakini herufi zilikuwa zimekwisha kuenea nchi nzima.

Sharti la pili, la umbo, linaonekana vizuri zaidi katika neno ambalo wasomaji wa makala haya wanalijua kutoka upande wa pili. ‘Safari’ ni neno la Kiswahili lenye asili ya Kiarabu. R. F. Burton ni miongoni mwa waandishi wa kwanza kulitumia katika Kiingereza, katika kitabu chake cha mwaka 1860 kuhusu maziwa makuu. Mwanzoni lilikuwa neno la misafara, lililohitaji kufafanuliwa. Ziara ya kuwinda ya Theodore Roosevelt iliyoanza mwaka 1909 katika nchi ambayo baadaye iliitwa Kenya ililipeleka katika magazeti ya Marekani. Baada ya hapo likaanza kuchukua alama ya wingi ya Kiingereza, likaambatana na majina mengine, na waandishi wakaacha kulifafanua. Hapo ndipo lilipoingia.

Lakini liliingia likiwa limepunguzwa. Katika Kiswahili, mtu anayekwenda Kisumu kuzika jamaa yake yu safarini sawasawa na mfanyabiashara anayekwenda Mombasa. Katika Kiingereza yeye hayumo. Safari ni ya mwindaji au mtalii, na mwenyeji huonekana mle kama mpagazi au dereva. Hili si kosa la mofolojia. Ni alama ya nani alikuwa na kalamu wakati neno lilipokuwa likivuka. Ukopaji wa maneno huelezwa mara nyingi kama biashara ya watu sawa, hali lugha yenye dola hukopa kwa masharti yake yenyewe.

Shahidi na mipaka yake

Kamusi ya Oxford, kazi iliyotokana na wito wa Chama cha Filolojia mwaka 1857 na kukamilika mwaka 1928, ndiyo jaribio kubwa la kuyashuhudia hayo yote. Mhariri wake mashuhuri, James Murray, aliwaomba wasomaji wa kujitolea wasome vitabu na kunakili sentensi katika vikaratasi. Utaratibu huu ndio nguvu ya kamusi hiyo: kila neno husimama juu ya matumizi yenye tarehe. Murray pia alikuwa mkweli kuhusu mipaka. Alieleza kwamba msamiati wa Kiingereza una kitovu kinachoonekana wazi, lakini hauna mzingo unaoweza kuchorwa. Hata hivyo kazi ilimlazimisha achore. Aliyagawa maneno katika makundi manne: wazalendo, wakazi, wageni na wapita njia; na yale aliyoyaona kuwa hayajazoea nchi aliyawekea mbele yake mistari miwili ya wima.

Istilahi hizo ni za afisa wa uhamiaji, si za mwanaisimu, na hapa ndipo fikra ya kibali hurudi kwa mlango wa nyuma. Nani aliamua kwamba neno fulani bado ni mgeni? Msomaji wa Oxford au London, aliyekuwa akisoma vitabu vilivyochapishwa huko. Neno ambalo lilikuwa la kila siku kwa msemaji wa Kiingereza wa Bombay au Nairobi lilikuwa geni kwa sababu tu msomaji yule hakuwa jirani yake.

Inafaa kuongezwa kwamba maendeleo ya wakati si dhamana. Robert Burchfield, mzaliwa wa New Zealand aliyeihariri nyongeza mpya ya kamusi hiyo kati ya 1957 na 1986, alisifiwa kwa muda mrefu kuwa ndiye aliyeufungua mlango kwa Kiingereza cha ulimwengu. Mwaka 2012, katika kitabu chake Words of the World, Sarah Ogilvie alilinganisha nyongeza hiyo na ile ya 1933, akakuta kwamba Burchfield alikuwa ameondoa takriban asilimia 17 ya maneno ya kukopa na ya Kiingereza cha nje ambayo watangulizi wake waliyatia. Burchfield aliongeza mengi, na hilo halikanushiki. Lakini kupunguza nako kulikuwako, na hakukusemwa mpaka mtu alipohesabu.

Mnamo mwaka 2022 kamusi hiyo ilitangaza kundi la maneno ya Kiingereza cha Afrika Mashariki, yakiwemo ‘nyama choma’, ‘daladala’ na ‘sambaza’. Tangazo hilo lilipokewa na wengi kwa furaha, kana kwamba maneno hayo yamepandishwa cheo. Furaha hiyo inaeleweka, lakini msingi wake ni dhaifu. Magazeti ya Kiingereza ya Nairobi na Dar es Salaam yalikuwa yakiandika habari za nyama choma na daladala miaka mingi kabla ya 2022. Kilichotokea mwaka huo ni kwamba shahidi aliyekuwa mbali amesogea karibu.

Hitimisho

Je, mfano wa Kiingereza unawafunza nini wale wanaoutaja katika mijadala ya Kiswahili? Kwanza, haumfai anayetaka baraza liwe mahakama. ‘Dord’ na ‘thon’ yana ndugu zao katika Kiswahili: ‘ngamizi’ lilipendekezwa kwa mashine ambayo watu wameendelea kuiita ‘kompyuta’. Pili, haumfai anayetaka wataalamu wanyamaze. Whewell na watetezi wa ‘Ms’ walipendekeza na kusukuma, na katika Kiswahili ‘bunge’ na ‘ikulu’, yaliyotolewa katika lugha za Kibantu za bara, yamekaa kana kwamba yalikuwako tangu zamani. Nchini Kenya, Katiba ya mwaka 2010 ilileta haja mbili kwa pamoja. ‘Ugatuzi’ limeshika kwa jina la mfumo. Lakini kwa jina la eneo, ‘kaunti’ limelishinda ‘gatuzi’ midomoni mwa wengi. Mamlaka yalikuwa yale yale na mwaka ni ule ule. Wasemaji ndio waliotofautisha.

Tatu, na hili ndilo kubwa, mijadala hiyo imeiga cheo cha kamusi ya Oxford bila ya kuiga kazi yake. Vikao vimekuwa vikibishana juu ya neno lipi likubaliwe kabla ya mtu yeyote kuonyesha, kwa sentensi zenye tarehe na mahali, ni lipi linalosemwa, wapi, na na nani. Dereva aliyekisikia Kiingereza cha alama ya barabarani inayoamuru watu wapite kushoto, akakiita kile kizingo ‘kipilefti’, kisha akasema ‘vipilefti’ vilipokuwa viwili, alikuwa amekamilisha kazi ya mofolojia ambayo kamati ingeifanyia mikutano. Ni wajibu wa idara za lugha kuwa na kikaratasi cha dereva huyo pamoja na cha mshairi, cha mhubiri na cha mwuza samaki wa Lamu. Baraza likipendekeza baada ya kusikiliza, mapendekezo yake yatapata wa kuyasema. Likipendekeza kabla, litaongeza vidahizo tu.